Mwenyewe yupo hapa

Kijiweni kwangu Makorora, hapa Tanga, ninapotengeneza baiskeli, wazazi wenye watoto wenye ulemavu hunijia kwa shida mbili. Wapo wanaoleta kiti cha magurudumu kilichokatika spoku au kilichokwisha beringi. Na wapo wanaokuja mikono mitupu, wanakaa kwenye benchi, wanasubiri mteja aondoke, halafu wananiuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, wewe ulipitia wapi mpaka kijana wako akapata haki ya marehemu mama yake?" Nimelijibu swali hilo kwa mdomo kwa muda mrefu sasa. Maelezo ni mengi, na mtu akifika kwake ameshasahau nusu. Ndiyo maana leo nimekaa nikaandika.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, hali ya ubongo inayokwamisha viungo na usemi. Alizaliwa Muheza mwaka 1998. Uchungu ulimchukua mama yake muda mrefu, na mtoto alitoka bila kulia. Jina lake sitaliweka hapa. Ni mtu mzima, na ndevu zake namnyoa mimi kila Ijumaa kabla ya swala. Kiswahili anakielewa chote, na Kibondei cha bibi yake pia, ila maneno yake hutoka machache na kwa tabu, mgeni hayapati. "Ndiyo" yake ni kuinua macho juu. "Hapana" yake ni kugeuza uso. Redio ikitangaza mechi ya Coastal Union, hata mimi siruhusiwi kumsemesha. Nayaeleza haya mapema kwa sababu yote ninayoyasimulia yanasimama juu ya jambo hili: kwenye kile kiti amekaa mtu mwenye akili zake, na haki zilizokuwa zinatafutwa ni zake, si zangu.

Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa mchango wa hifadhi ya jamii, na alikuwa akiniambia makato yale hayamuumi, kwa kuwa siku moja yatamlinda huyu. Alifariki mwaka 2019. Mimi ni fundi wa mtaani, sijawahi kuajiriwa, kwa hiyo mambo ya mafao nilianza kuyasikia msibani. Mwalimu mkuu wake ndiye aliyenivuta pembeni: "Shemeji, usikae. Huyu kijana ni mtegemezi wake. Fuatilia."

Nikafuatilia. Jambo la kwanza nililokutana nalo ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa vijana wengine hapo ndipo milango inapofunguka: kupiga kura, kufungua akaunti. Kwa wa kwetu ndiyo inaanza kufungwa. Kwenye bima ya afya ya mama yake alikuwa amekwisha kuondolewa kwa maelezo kwamba si mtoto tena. Ukienda kwingine unaambiwa ni mtu mzima, basi aje mwenyewe, aseme mwenyewe, asaini mwenyewe. Amekuwa mkubwa mno kusimamiwa na mzazi, na papo hapo anadaiwa yale ambayo mwili wake haumruhusu. Fomu nilizojaza zina nafasi ya mtoto na mlezi wake, na zina nafasi ya mtu mzima. Nafasi ya mtu mzima anayesaidiwa kusema sikuikuta, na kila mara ilibidi niiandike kwa kalamu pembeni.

Karatasi zilizotakiwa zilikuwa hizi: cheti cha kifo, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, cheti cha kuzaliwa cha kijana, namba yake ya kitambulisho cha Taifa, taarifa ya daktari, na akaunti ya benki. Ukizisoma hivyo unaona si nyingi. Lakini kila moja inadai nyingine kabla yake, na barua ya serikali ya mtaa inadaiwa na zote. Mzizi wa yote ni cheti cha kuzaliwa, na mwanangu hakuwa nacho.

Kumsajili mtu aliyekwisha kuwa mkubwa kunawezekana. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wana utaratibu wake, na wakati ule sisi wa mikoani tuliupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wilaya ile aliyozaliwa na siyo ile anayoishi. Kwa hiyo Muheza, kilomita kama 35 kutoka Tanga mjini. Afisa wa pale alinipokea kwa adabu na akanieleza bila kuficha kitu: leta ushahidi kwamba huyu amezaliwa hapa na kwa tarehe hii. Tangazo la kizazi la hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kwa Wakristo, cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, hati ya kusafiria, chochote kile.

Nilitoka nje nikakaa kwenye msingi wa ukuta nikaanza kuhesabu. Cheti cha darasa la saba hana, kwa sababu alipotimiza miaka 7 tulimpeleka shule tukaambiwa hakuna wa kumhudumia. Tukampeleka nyingine, darasa lilikuwa juu ya ngazi na choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mama yake alifundisha watoto wa wenzake kutwa nzima, na wa kwake akamfundisha herufi jioni, barazani, kwa chaki na ubao mdogo niliomchongea. Shule ile ya barazani haitoi cheti. Kadi ya mpiga kura hakuwa nayo, kwa maana hakuna aliyewahi kuja kumwandikisha na kituo kilikuwa mahali pa mchanga mwingi. Hati ya kusafiria hajawahi kuihitaji.

Hili ndilo ningependa kila afisa alitafakari kabla hajasema "nenda ukalete". Karatasi tunazoziona za kawaida ni nyayo za mtu aliyepita kwenye milango aliyofunguliwa. Aliyefungiwa milango hiyo tangu utotoni, leo anaambiwa athibitishe kwamba aliipita, na asipothibitisha anafungiwa mwingine. Mwanangu hakukosa cheti cha shule kwa uzembe wake wala wa mama yake. Alikikosa kwa sababu ya ulemavu wake, na sasa kukikosa huko ndiko kunakomzuia kupata haki aliyowekewa kwa sababu ya ulemavu huo huo.

Kilichotuvusha ni kadi ya kliniki. Bibi yake, Mungu amrehemu, alikuwa ameihifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na stakabadhi za kodi ya maendeleo za mzee. Imepauka, mikunjo imeachia, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka na muhuri wa hospitali unaonekana. Mstari wa uzito unapanda kidogo, unalala, unapanda tena. Kwenye mwezi wa nane muuguzi ameandika kwa wino mwekundu: "shingo bado". Maneno mawili tu. Yule muuguzi hakujua kwamba baada ya miaka zaidi ya 20 maandishi yake yangekuwa ushahidi wa kwanza wa serikali kwamba ulemavu huu ulikuwepo tangu mwanzo.

Hata hivyo kadi ile ilikuwa na kasoro yake. Jina la mama kwenye kadi lina herufi "h" katikati, na kwenye vyeti vyake vya ualimu haimo. Kwa herufi hiyo moja ilibidi kiapo kwa wakili, kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Aliyekuwa na majina hayo alikwisha kuzikwa, basi tukaapa mimi na kaka yake. Mzazi mwenzangu, kama unasoma hili na mwanao bado mdogo, toa karatasi zako zote leo uzilinganishe majina, herufi kwa herufi, pamoja na za mama yake na baba yake. Kurekebisha mkiwa hai wote ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kurekebisha baada ya mazishi.

Cheti kilipotoka nilimpa akishike. Alikibana kwa mkono wa kulia na hakukiachia mpaka tulipofika nyumbani.

Kitambulisho cha Taifa ndipo wazazi wengi wanapoogopa, kwa ajili ya alama za vidole. Mkono wa kushoto wa mwanangu umejikunja, ngumi imefungwa, na ukiulazimisha ndiyo unazidi kukaza. Siku ile nilibeba chupa ya chai yenye maji ya moto na taulo dogo. Tukiwa kwenye foleni nikawa nalichovya taulo, nalikamua, nauzungushia mkono. Zamu yetu ilipofika, binti wa mashine hakusubiri tuhangaike kusogea mezani. Aliinuka na kifaa chake akaja mpaka kwenye kiti. Akataka kuvuta kidole. Nikamwambia, "Binti, usikivute. Kunja kwanza kifundo." Ukikiinamisha kifundo cha mkono, kiganja kikaelekea chini, vidole vinalegea vyenyewe, ukikinyoosha, vinajifunga. Hilo nilifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale Hospitali ya Bombo mwanangu akiwa mdogo, na nimelitumia kumvisha shati kila siku ya maisha yake. Binti akainamisha kifundo, kidole cha shahada kikaja, akakilaza juu ya kioo. Mashine ikakataa. Akakifuta jasho, ikakataa tena. Akasema, "Tuanze na vya kulia, hivi tutavirudia." Na alimwambia yeye, siyo mimi: "Kaka, samahani, nakuumiza?" Mwanangu akageuza uso. Binti akanitazama, nikamweleza kwamba hapo amesema hapana. Tangu hapo akawa anamuuliza mwenyewe na kusoma macho yake, bila kupitia kwangu.

Vidole viwili vya kushoto havikusoma kabisa, na akaviingiza kwenye mfumo kama visivyoweza kuchukuliwa. Nafasi hiyo ipo, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila vidole kumi mwanao hana kitambulisho. Saini ikawa dole gumba. Namba ilipotoka ilikuwa na tarakimu 20, kama zilivyo za Watanzania wote, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe ile ile iliyokaa kwenye mkebe wa biskuti.

Taarifa ya daktari haikuwa ngumu kuipata, ila tazama maneno yake. Ya kwanza ilisema tu "ana mtindio wa ubongo" na ikarudishwa. Anayesoma mezani si mganga. Anataka kujua mtu huyu hawezi nini bila msaada, kula, kuoga, kuvaa, kutembea, kuzungumza, na kama hali hiyo itapona. Nikamwomba daktari aandike mambo hayo moja moja, na amalizie kwa kueleza kwamba hali ni ya kudumu na ilianza wakati wa kuzaliwa. Hiyo ya pili haikurudi.

Mahakama ya Mwanzo ilikwenda sawa. Nililofanyia kazi zaidi ni kikao cha ukoo. Baadhi ya wazee, kwa nia njema kabisa, walisema kijana asiandikwe kwenye orodha ya warithi, baba yake yupo, atamtunza. Nilikataa. Katika sheria yetu ya Kiislamu mtoto wa kiume anarithi kwa kuwa ni mtoto, na miguu yake haimo kwenye hesabu. Nikaomba jina lake lisomwe kwa sauti kwenye muhtasari na yeye awepo kwenye mkeka. Alikuwepo.

Sasa ofisi ya mafao. Sitaitaja wala mji iliko, kwa sababu waliokuwa mezani wakati ule huenda wameshahama, na nia yangu si kumchafua mtu. Iko ghorofani na lifti haina. Nilimwacha mwanangu chini ya mwarobaini na mdogo wake wa kike, nikapanda na faili.

"Mzee, huyu amevuka umri," akaniambia kijana wa mezani alipoona tarehe ya kuzaliwa.

Nikamwonyesha taarifa ya daktari na kipengele kwenye fomu yao wenyewe kinachomtambua mtegemezi mwenye ulemavu. Akakisoma kwa makini, kisha akasema, "Sawa, lakini lazima nimwone. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe yupo hapa. Yuko chini, kwenye kivuli. Tushuke umwone."

"Mimi siwezi kuacha meza."

Vijana wa bajaji waliokuwa pale nje wakajitolea kumbeba, na Mungu awabariki. Nikashuka nikamuuliza mwenye mwili. Akageuza uso. Nikamuuliza tena, polepole, nikamweleza kwamba pengine tutakosa leo. Akageuza uso tena, na safari hii akafumba macho kabisa. Ni mtu mzima. Hataki kupandishwa ngazi mikononi mwa watu asiowajua, mbele ya foleni nzima. Tukarudi nyumbani. Wapo ndugu walionilaumu kwa hilo, wakasema ningembeba tu yaishe. Mimi sikuona haki gani hiyo ya kuipata kwa kumdhalilisha anayeidai.

Nilichofanya ni kutafuta Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Nilichapisha nakala kwenye duka la steshenari pale Ngamiani, nikapigia mstari sehemu zinazohusu majengo na huduma za umma kufikika na watu wenye ulemavu. Nikaandika barua fupi kwa mkuu wa ofisi, nikaambatisha kurasa hizo, nikaomba siku na saa ambayo afisa atashuka. Sikuandika lawama hata moja. Jibu lilikuja kwa simu, na siku tuliyopangiwa mkuu mwenyewe ndiye aliyeshuka, na faili mkononi. Akachuchumaa mbele ya kiti mpaka nyuso zao zikalingana, akamwamkia, akasema, "Wewe ndiye mwenye faili hili. Baba yako amesema haki hii ni yako. Ni kweli?" Macho yakaenda juu. Akaandika kwamba amemwona mhusika na mhusika amekubali. Haikuchukua muda. Kumbe kazi yote ilikuwa ni kushuka ngazi.

Nimeandika barua nyingi tangu hapo kwa niaba ya wazazi wengine, na ushauri wangu ni huo huo: usigombe na kijana wa mezani, naye ana bosi wake na anaogopa kukosea. Mpelekee bosi karatasi ambayo itamruhusu kijana huyo kufanya sahihi.

Kwenye benki watu wengi hukosea njia kwa sababu inaonekana fupi. Utaambiwa, mzee, weka akaunti yako, fedha zipite kwako. Nilikataa kwa sababu moja kubwa. Nikifa leo, akaunti yangu inafungwa na kilichomo kinaingia kwenye mirathi yangu, na fedha za mwanangu zinagawanywa na za fundi baiskeli. Haki yake inatakiwa ikae kwa jina lake. Benki ya kwanza wakasema asiyeweza kusaini hawezi kufungua akaunti. Wazee wetu wangapi hapa Tanga wana akaunti kwa dole gumba? Na Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinasema watu hawa ni sawa na wengine mbele ya sheria, na wanaohitaji msaada wa kuitumia haki hiyo wapewe. Kusaidiwa kuamua ni tofauti na kuamuliwa. Benki ya pili walifungua: dole gumba lake, kitambulisho chake, mimi na dada yake tukiwa mashahidi, na masharti ya kutoa fedha yakiandikwa wazi. Kadi ya mashine hatukuichukua.

Wanaonijia kijiweni wengi hawakuwa na mke au mume mwajiriwa. Hao nawaambia ukweli ulivyo: huku bara hakuna posho ya kila mwezi ambayo mtu anaipata kwa kuwa tu ana ulemavu mkubwa. Upo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na kaya yenye mtu wa hali hii isisite kusimama kwenye mkutano wa mtaa wakati wa kutambua kaya, kwa sababu hapo ndipo majina yanapoanzia. Lakini ni mpango wa umaskini wa kaya, na fundi mwenye kijiwe anaweza asiingie hata kama mwanawe hawezi kulala bila kugeuzwa. Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri sana kwa anayeweza kuuza dukani au kushona. Kwa anayelishwa kijiko, mkopo ni deni la mama yake. Kwenye bima ya afya ulikuwepo mfuko wa jamii wa CHF iliyoboreshwa, ambao kaya ya watu 6 ililipa Sh 30,000 kwa mwaka, na bima ya afya nawahimiza wote wajiunge, hasa wenye watoto wa kifafa. Na ipo barua ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa asiyeweza kulipia matibabu. Iombe mapema, usingoje usiku wa degedege.

Sisi wa Tanga tunaona kwa majirani. Shangazi yake mwanangu aliyeolewa Pemba anapokea pensheni jamii. Zanzibar waliianza Aprili 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, bila kuuliza kama ni tajiri au maskini. Anapeleka kitambulisho, basi. Upande wa pili, ukivuka Horohoro, binamu yangu wa Mombasa ana binti mwenye hali kama ya mwanangu, na yumo kwenye Inua Jamii ya Kenya, Sh 2,000 za kwao kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa. Hazitoshi, na zikichelewa binamu yangu analalamika simu nzima. Lakini binti yule yumo kwenye daftari la nchi yake kwa jina lake, kwa sababu ya hali yake, na hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Naamini nasi tunaweza kuanza kwa wale wasioweza kujilisha wala kujigeuza kitandani, kwa umri wowote, bila kuuliza kama baba ana kijiwe.

Tena watu wetu wanajulikana walipo. Kwenye Sensa ya mwaka 2022 karani alikuja mpaka barazani akauliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Maswali mazuri, mafupi, yaliyouliza mtu anapata ugumu gani badala ya kumtaka alete cheti. Ile sheria ya 2010 nayo inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Zikifanya kazi kama zilivyokusudiwa, mzazi hatabeba peke yake mzigo wa kuthibitisha kile ambacho jirani zake wote wanakiona kila asubuhi.

Bado kuna uhakiki. Mnufaika anatakiwa athibitishwe kuwa yu hai, na kila ukifika msimu huo tunavaa vizuri tunakwenda. Siku hizi wanashuka bila kuombwa. Mdogo wake wa kike nimeshamfundisha yote: faili liko wapi, nakala ziko wapi, kifundo kinainamishwa vipi, na kwamba kabla ya kujibu swali lolote kuhusu kaka yake amuulize kaka yake kwanza. Jina lake tumeliweka kama msaidizi atakayenifuata, kwa barua ya mtaa na ridhaa ya mwenyewe.

Jumatatu ninaongozana na mama mmoja wa Duga ambaye binti yake anatimiza miaka 18 mwezi ujao. Tangazo la kizazi analo, majina yamelingana, barua ya mtendaji ameshagongewa muhuri. Kilichobaki ni picha ndogo, na mpiga picha amekubali kumfuata binti nyumbani.